Kusafiri na mbwa kwenye gari kutoka Dodoma: maswali na majibu

Tangu wizara zihamie Dodoma, nyumba nyingi za Kisasa, Ilazo na Iyumbu zina mbwa waliozaliwa Dar es Salaam, Morogoro au Moshi. Walikuja na wenye nyumba, na likizo ikifika wanarudi nao. Mimi ni daktari wa mifugo. Mbwa wanaoletwa kwangu baada ya safari, wengi wao wameumizwa na jambo ambalo mwenye mbwa angelizuia kama angelijua mapema. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara.

Daktari, nilipita soko la Majengo dakika 10 tu, nikamwacha mbwa ndani ya gari na kioo kimefunguliwa kidogo. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na ndilo jambo linalonitia hofu kuliko mengine yote. Gari likisimama juani, mwanga unapenya kwenye vioo na kuchoma viti na dashibodi, kisha joto linalotoka humo linakosa pa kutokea. Kwa vipimo vilivyokwisha kufanyika, nje kukiwa na nyuzi 30, baada ya dakika 10 ndani panafika nyuzi 40 hivi, na baada ya nusu saa panakaribia 50. Kufungua kioo upana wa vidole viwili hakubadilishi jambo la maana. Nyuzi 30 kwetu ni mchana wa kawaida wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Hata Juni na Julai, tukiwa tumevaa masweta asubuhi, gari lililoachwa juani kwa saa 1 linaweza kupanda zaidi ya nyuzi 20 juu ya joto la nje. Ule upepo wa Dodoma unaokupoza wewe barabarani haumfikii aliyefungiwa ndani.

Sisi tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi chache za jasho chini ya nyayo, basi. Anajipoza kwa kutweta: hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unakauka, unaondoka na joto. Sasa hewa anayovuta ikiwa ya moto kuliko mwili wake, na gari limejaa mvuke wa pumzi zake mwenyewe, kutweta kunamchosha tu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 41, ubongo, figo na utumbo vinaanza kuharibika.

Wengine huniambia, "Niliegesha kivulini." Kivuli kinahama, na mbuyu wa kiangazi hauna jani hata moja. Kama huwezi kushuka na mbwa, abaki na mtu mzima, milango ikiwa wazi, au mwache nyumbani siku hiyo.

Nitajuaje kuwa joto limemzidi? Na nikiwa Gairo, mbali na daktari, nifanye nini?

Mwanzo anatweta haraka bila kupumzika, mate yanakuwa mazito na ya kunata, fizi zinakuwa nyekundu sana, hatulii. Ukichelewa utamwona anayumba, anatapika au kuharisha, pengine damu, kisha anaanguka au anapata degedege.

Usianze kumkimbiza kwa daktari akiwa bado anachemka. Mpoze kwanza, hapo hapo ulipo. Mpeleke kivulini penye upepo, mmwagie maji mwili mzima, zaidi tumboni, kwapani na kati ya mapaja, huku mtu mwingine anampepea kwa kanga au boksi. Endelea kumwagia. Msimfunike kitenge kilicholowa mkamwacha nacho, kwa kuwa kitashika joto na kulifungia mwilini. Akiwa na fahamu mpe maji anywe kidogo kidogo, ila usimmiminie mdomoni kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni. Pumzi ikitulia, acha kumwagia asije akapoa kupita kiasi, kisha endesheni kiyoyozi kikiwaka au vioo vikiwa wazi hadi kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Aonwe siku hiyo hiyo hata kama amesimama na anatikisa mkia. Figo zinaweza kugoma siku moja au mbili baadaye.

Walio hatarini zaidi ni wenye pua fupi, wanene, wazee, wenye manyoya mazito kama wale wa Kijerumani, na yule aliyefungwa mdomo kwa kamba ili asiume. Huyu wa mwisho ananiuma sana moyoni. Mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kutweta, na asiyeweza kutweta hana njia ya kujipoza. Kama ni mkali, tumia kifunga mdomo cha waya chenye nafasi ya kutosha kufungua kinywa na kutoa ulimi.

Mbwa wetu ni wa ulinzi. Kaka yangu anasema tumpakie kwenye bodi ya pikapu, tumfunge kamba shingoni ili asiruke. Ni salama?

Hapana, ndugu yangu, na kamba ya shingoni ndiyo inayoongeza hatari. Akiruka au akirushwa na tuta, ataning'inia kando ya bodi na mtu aliyeshika usukani hataona kitu. Tena bati la bodi likipigwa na jua linaunguza nyayo, na vumbi na kokoto vinampiga machoni. Kwa sababu hiyo hiyo ya macho, usimwache atoe kichwa dirishani mwendo ukiwa mkubwa, hata kama mwenyewe anafurahia.

Mahali pake ni kiti cha nyuma, au sehemu ya mizigo kwenye gari ambalo nyuma ni wazi hadi ndani, na awe amezuiliwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni mkanda wa kifuani, ule unaopita mabegani na kuzunguka kifua, ukaunganishwa na mkanda wa kiti. Ya pili ni kizimba. Si lazima kiwe cha dukani. Fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaani anaweza kukutengenezea. Mpe vipimo vya mbwa mwenyewe: asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, alale akinyoosha miguu. Pande zote ziwe na nafasi za hewa, fundi asage ncha zote kali, chini uweke mkeka au blanketi, kisha kifungwe kisisogee. Kama gari lenu ni pikapu na ndani hapatoshi, kizimba hicho kifungwe kwenye bodi na kiwekewe kivuli juu.

Watu huona mkanda ni mambo ya kizungu. Fikiria hivi: unapita kijijini kwa kasi ya 50, kama sheria inavyotaka, ng'ombe anakatiza, unakanyaga breki kwa nguvu. Gari limesimama, lakini mbwa wa kilo 25 aliye nyuma bila kufungwa anaendelea kuja mbele kwa mwendo ule ule wa 50, na mbele yake ni kisogo chako au cha mtoto wako. Kwenye mapaja ya dereva asikae kabisa. Kiti cha mbele nacho hakifai, maana mfuko wa hewa ukifumuka unaweza kumuua. Na buti lililofungwa la gari dogo, hata kwa safari ya kwenda Chamwino tu, usithubutu. Hakuna hewa humo, na moshi wa gari unaweza kupenya.

Wa kwangu ana miezi minne. Kila tukipanda gari anatapika kabla hata hatujafika Ihumwa.

Pole, lakini ni jambo la kawaida kwa mbwa wadogo. Viungo vya ndani ya sikio vinavyoshughulikia mizani ya mwili bado havijakomaa, na wengi huacha kutapika wanapokaribia mwaka mmoja. Dalili hutangulia: anapiga miayo, anajilamba midomo, mate yanachuruzika, analia kwa sauti ndogo. Hapo simamisha gari.

Usimpe chakula saa 3 au 4 kabla ya kuondoka. Maji usimnyime. Kwenye kizimba ambako haoni miti ikikimbia, baadhi hutulia zaidi. Na mzoeshe polepole, mama: leo apande gari limezimwa, apewe kipande cha nyama ashuke. Kesho injini iwashwe. Keshokutwa mzunguko mmoja wa mtaa. Mbwa anayepanda gari siku ya sindano tu ana haki ya kuliogopa, na hofu nayo inatapisha. Ikishindikana, zipo dawa za kuzuia kutapika zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambazo daktari humpimia kwa uzito wake.

Jirani amenishauri nimpe kidonge cha usingizi cha binadamu.

Usimpe. Wala panadol, wala ibuprofeni. Dozi unayoiona ndogo kwako inaweza kumuua.

Shikamoo daktari. Tulinunua zabibu barabarani, mjukuu akampa mbwa nusu ya mfuko. Jioni alitapika. Ni zabibu kweli?

Marahaba, mjukuu asigombezwe, hakujua. Ni zabibu, naam. Sisi watu wa Dodoma tunaziona kama chakula cha baraka, lakini kwa mbwa zabibu mbichi na zabibu kavu zinaweza kuharibu figo, na hakuna anayeweza kukuambia punje ngapi ni salama: mmoja anakula nyingi bila shida, mwingine anaumwa kwa chache. Akizila, mpeleke kwa daktari mara moja, usisubiri atapike. Figo zikishaharibika, anapunguza au kuacha kukojoa, na hapo tiba inakuwa ngumu.

Njiani epuka pia chokoleti, na mifupa ya kuku choma mnayomrushia kwenye vituo vya nyama. Mfupa uliopikwa unavunjika kama vigae na kuchana utumbo.

Tuondoke saa ngapi, na tusimame mara ngapi?

Kwa Dar es Salaam, kilomita kama 450, ondokeni saa 11 alfajiri. Jua likikolea mtakuwa mmeshaingia Morogoro. Simameni kila baada ya saa 2, ashuke akiwa na kamba, akojoe, anywe maji mliyobeba nyumbani. Hewa kavu ya kwetu inamkausha upesi kuliko unavyodhani. Mkiteremka kuelekea Chalinze na Kibaha mambo yanageuka: hewa imejaa unyevu, kutweta hakupozi vizuri, kwa hiyo kiyoyozi kihudumie na kiti cha nyuma.

Anaposhuka msiingie vichakani. Migunga ina miiba, na kwenye majani kuna kupe. Kabla hajapanda tena, mpapase masikioni, kwapani na kati ya vidole.

Karatasi gani zinatakiwa?

Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, isiyozidi mwaka mmoja. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3. Kabla ya kuvuka mkoa, pita na cheti hicho kwa afisa mifugo akuandikie kibali. Nawasihi hili msilichukulie kama usumbufu, kwa sababu mbwa aliyesafiri akachokozwa na watoto ugenini anaweza kuuma. Akiuma, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo, chanjo ya mbwa iwepo au isiwepo. Mbwa naye asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama aangaliwe kwa siku 10.

Tukifika ugenini, nimfungulie tu azunguke?

Siyo siku ya kwanza. Mbwa aliyechoka, katika uwanja usio na harufu anayoijua, hutafuta njia ya kurudi kwao, na hajui kuwa kwao ni kilomita 450 nyuma. Kabla hujaondoka Dodoma, andika namba yako ya simu kwenye mkanda wake wa shingoni kwa wino usiofutika. Mkifika, mtembeze uwanja mzima kwa kamba anuse kila kona, mpe maji, tandika blanketi lile lile alilolalia ndani ya gari. Chakula kije baadaye, akishatulia. Na mlango wa gari usifunguliwe kabla ya mambo mawili: kamba iko mkononi, na geti limefungwa.