Mwiba wa chuma kwenye mti hai: jeraha linalipwa na nani?

Kabla ya kuwa darasa la sekondari, kidato kilikuwa pengo linalochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Pita Kigamboni au Mbezi, bado utaviona. Vidato vilivyochongwa miaka mingi iliyopita vina kingo zilezile, havijaziba hata kidogo, na mvua ikinyesha maji hutuama ndani yake. Mnazi hauna tabaka la kuongeza unene wa shina kama mwembe, hivyo hauna cha kuzibia pengo. Ukishachonga, umechonga kwa maisha yote ya mti.

Siku hizi mjini panga limepata mwenzake. Baadhi ya wapogoaji hupanda kwa vyuma vya miguuni, aina ileile wanayotumia mafundi wa umeme kupandia nguzo za mbao: chuma kinachofuata mfupa wa mguu, mikanda miwili ya kukifunga, na mwiba mkali upande wa ndani wa wayo. Mwiba wa kupandia nguzo huwa na urefu wa takribani sentimita 4, na wa kupandia miti yenye gome nene hufikia takribani 7. Nguzo ni mti uliokufa na kutiwa dawa, haina cha kupoteza. Mwarobaini wa mbele ya nyumba yako ni kiumbe hai, na uhai wake wote wa shina umo kwenye sentimita chache za nje.

Tuangalie shimo moja kwa karibu. Gome la nje ni koti tu. Chini yake kuna gome la ndani, linaloshusha chakula kilichotengenezwa na majani hadi kwenye mizizi. Chini ya hilo kuna utando mwembamba sana, kambiamu, ndio unaozaa mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Halafu zinafuata mbao changa zinazopandisha maji. Mwiba wa sentimita 4 kwenye gome la sentimita 1 hupita tabaka zote hizo kwa hatua moja. Tena hauingii na kutoka kama sindano. Mpandaji anapohamisha uzito, mwiba hukwanyua gome kwenda nje, na sehemu inayokufa huwa kubwa kuliko tundu linaloonekana. Baada ya miezi kadhaa gome hupasuka kwenda juu na chini, utomvu mweusi ukachuruzika.

Watu husema mti utapona. Kwa maana tunayoijua sisi wenye ngozi, mti haponi. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno, alionyesha kwamba mti hauzitengenezi upya mbao zilizojeruhiwa. Unazizungushia kuta za kemikali na kuzaa mbao mpya kwa nje, na lile jeraha linabaki ndani daima. Kuta hizo hujengwa kwa wanga uliowekwa akiba. Sasa fikiria siku ya kupogoa: umeondoa majani, yaani jiko la mti, na saa hiyohiyo unaudai ujenge kuta kwa kila tundu.

Matundu yenyewe ni mangapi? Mpandaji akipiga hatua ya sentimita 30, mita 10 za shina ni zaidi ya matundu 30 kupanda, na mengine kama hayo kushuka. Hapo hatujahesabu pale anaposimama kukata tawi na kuzunguka shina akitafuta pa kukaa. Sehemu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu matundu yaliyo usawa mmoja yanaweza kuungana na kukata njia ya chakula kwenda mizizini. Mashoki, mipera na mikrismasi huumia upesi kwa wembamba wa gome lake. Na mwiba uliotoka kwenye mti wenye ugonjwa unaweza kuupeleka moja kwa moja ndani ya mti unaofuata.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la maadili, kwani anayejeruhi siye anayelipa. Mpogoaji hupokea fedha yake jioni na kuondoka. Uozo huchukua miaka kuonekana. Atakayelipa ni mpangaji aliyehamia baadaye, au mama lishe aliyeweka meza zake kwenye kivuli kilekile, siku tawi litakapoanguka katika mvua za masika. Mwenye nyumba alilipia mti utunzwe. Kuuacha na majeraha sitini asiyoambiwa ni kumuuzia kitu ambacho hakukinunua.

Tunaisikia hoja ya usalama, kwamba vyuma humlinda mpandaji, na tunaiheshimu, maana uhai wa mpandaji uko juu ya mti wowote. Lakini vyuma havimshiki mtu asianguke. Kwenye gome laini au lenye unyevu mwiba huchomoka ghafla, na asiye na kamba huteleza na shina hadi chini. Kinachookoa ni kamba, na mwenye kamba nzuri hahitaji mwiba.

Kazi huanza chini. Funga uzi mwembamba kwenye kigunia cha changarawe chenye uzito wa gramu 250 hadi 450, kirushe kipite kwenye panda la tawi hai lenye unene usiopungua sentimita 10, kisha uvute kamba kuu kwa uzi huo. Kamba iwe iliyotengenezwa kubeba mtu, ya milimita 11 hadi 13. Ya katani au ya kufungia mizigo haifai. Pale inapopita juu ya tawi, ivalishe mfuko wa turubai au tumia pete maalumu, la sivyo kamba nayo itachoma gome kwa msuguano wake. Watu wawili waining'inie kwanza wakiwa bado ardhini. Mpandaji avae mkanda wa kiunoni na mapajani, apande kwa fundo la kubana linaloteleza likisukumwa na kukaza likibebeshwa uzito, na kabla ya kuwasha msumeno ajifunge pa pili kwa kamba fupi. Kwa mti mfupi, ngazi iliyofungwa juu na kushikiliwa chini inatosha. Kwa mnazi, mkwezi wa kitanzi cha miguuni hupanda bila kuchonga kitu. Ustadi huo ni wetu na unastahili malipo mazuri.

Vyuma vina mahali pake: mti unaokatwa kabisa, kwani matundu yataondoka na gogo, na uokoaji, mpandaji akizimia juu na kila dakika ina thamani. Viwango vya upogoaji vya Marekani vinaongeza hali chache, kama gome lililo nene kiasi cha mwiba kutofika ndani. Kwa miti ya mitaa yetu, gome la namna hiyo ni nadra mno. Mti mkavu uliooza nao si salama, mwiba hauna pa kushika. Na mti ukigusa nyaya za umeme, usimpandishe mtu kwa njia yoyote. Toa taarifa TANESCO.

Wewe unayelipa una sehemu yako. Bei ya kutupa pamoja na amri ya "maliza kabla ya mchana" humsukuma fundi kwenye vyuma. Kabla ya kupatana, muulize atapanda kwa kifaa gani, akuonyeshe kamba. Andikeni kwenye makubaliano kwamba hakuna vyuma vya miguuni kwenye mti unaobaki, kisha piga picha ya shina pande zote nne.

Ikiwa mti wako umeshatobolewa, usiupake lami, rangi wala oili chafu, na usijaze saruji. Vitu hivyo havizuii uozo na vingine hufungia unyevu ndani. Palipochanika, ondoa kwa kisu kikali gome lililolegea tu, usiguse lililoshika. Mwagilia wakati wa kiangazi, tandaza majani makavu juu ya mizizi bila kuyaegemeza kwenye shina, na usipogoe tena mwaka huo. Kila mwaka kabla ya Machi, gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini. Ukisikia mlio wa kitu kitupu, au ukiona uyoga kwenye kitako cha mti, ondoa watu na magari chini yake, kisha uite mtaalamu wa miti wa halmashauri yako aukague.