Utawala usio wa moja kwa moja: maana yake na namna unavyobishaniwa

Katika vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, mabishano juu ya ukoloni hayaendi mbali kabla mmoja hajasema kwamba Mjerumani alitawala kwa kiboko ilhali Mwingereza alituachia machifu wetu. Hoja hiyo imesimama juu ya dhana ya utawala usio wa moja kwa moja, na anayeitoa aghalabu huichukulia dhana hiyo kuwa kipimo cha upole, jambo ambalo si kweli.

Utawala usio wa moja kwa moja ni mfumo ambao dola ya kikoloni hutawala watu kupitia viongozi wao wa jadi, ikiwaachia kazi za kila siku kama kukusanya kodi na kuamua kesi ndogondogo, huku kauli ya mwisho ikibaki kwa ofisa wa kikoloni. Katika Tanganyika uliwekwa rasmi na Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925 akitokea Nigeria, na sheria ya Mamlaka za Wenyeji ikatungwa mwaka 1926. Chifu akawa na hazina, na mshahara wake ukatoka humo badala ya mazao na kazi alizokuwa akipewa na raia wake. Hapa ndipo penye uzito: chifu aliyelishwa na watu aliwaogopa watu, kwa kuwa wangeweza kumhama, ilhali chifu wa mshahara alikuwa na sababu ya kumwogopa zaidi Bwana Shauri, yaani ofisa wa kikoloni aliyesimamia wilaya.

Wajerumani walitumia maakida, wengi wao watu wa pwani waliopelekwa kusimamia maeneo yasiyo yao, na kule Umatumbi kilimo cha pamba cha shuruti kilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Lakini Wajerumani haohao, katika Bukoba, Rwanda na Urundi, waliwaacha watawala wa jadi kwenye viti vyao chini ya usimamizi wa ofisa wao. Waingereza nao, walipofika kwa Wamakonde, ambao hawakuwa na chifu mmoja juu yao wote, hawakuwa na chifu wa kumwachia chochote. (Wabishi wengi huiruka sehemu hii, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote.)

Kwa hiyo anayesema tuliachiwa machifu aulizwe: chifu yupi, alikuwapo kabla ya boma la mkoloni, na nani alikuwa na uwezo wa kumfukuza?

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru iliwavua machifu madaraka ya kiserikali, na nafasi ya Bwana Shauri ikashikwa na mkuu wa wilaya, naye ni mteule wa kutoka juu. Wanaodai kwamba mkoloni aliondoka akaacha mfumo wake huanzia hapo, na hoja yao ina mashiko kuliko ile ya upole wa Mwingereza.