Tesita ya transista ya kujitengenezea, inajuaje umeitia nini?

Hichi kidude kina matundu matatu tu, unatia dayodi, kapasita, transista, vyovyote utakavyoigeuza miguu, kisha kinakuandikia kwenye kioo ni kitu gani na mguu upi ni upi. Mchoro unaofuatwa sana aliuanzisha Markus Frejek, Karl-Heinz Kübbeler akauendeleza, na kazi yote inafanywa na chipu kama ATmega328, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja.

Sasa kinajuaje? Kinajaribu. Kila tundu limefungwa kwenye pini tatu za chipu, moja inakwenda moja kwa moja, moja inapitia rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 680, moja inapitia ya 470k, yaani omu 470,000, basi chipu inatia volti 5 huku, kule inapeleka graundi, inasoma volteji, inageuza, mpaka imalize njia zote. Umeme ukipita upande mmoja tu na ikasomeka kama volti 0.6 au 0.7, hiyo dayodi ya silikoni. Ikikuta dayodi mbili zinashirikiana mguu inashuku transista, inaupa huo mguu mkondo mdogo kupitia 470k na kutazama mkondo mkubwa wa miguu miwili iliyobaki umefunguka kiasi gani. Kapasita inapimwa kwa muda inaochukua kujaa.

Kwa hiyo rezista sita ndio roho ya tesita! Programu inahesabu 680 ni 680 kweli, ukitia zinazoweza kukosea kwa asilimia 5 ulizofumua kwenye redio mbovu, vipimo navyo vinapotoka, tafuta za asilimia 1. Na huku kwetu Unguja na Pemba, kwa unyevu huu na chumvi ya bahari, flaksi, ile dawa ya kulehemia, ukiiacha kwenye bodi inapitisha umeme kidogo pembeni ya 470k na rezista kubwa zinasoma chini, sugua kwa spiriti na mswaki kabla hujalaumu chipu.

Rezista zikisoma sawa lakini kapasita zinasema uongo, lehemu haina kosa, tazama mwendo wa chipu, maana ATmega328 mpya inatoka kiwandani inakwenda megahezi 1 na programu labda imeandikiwa 8. Kioo kitupu mara nyingi ni kontrasti tu, yaani ukolezo wa maandishi.

Ila mafundi wenzangu, kapasita kubwa ya pawa saplai ya TV msiitie kabla ya kuimaliza chaji, inaweza kukaa na volti 300 na zaidi na chipu inakufa papo hapo. Imalizeni kwa balbu ya zamani ya waya, kisha pimeni kwa mita mpaka isome sifuri.