Je, wajua? Kichwa husema "siwezi" kabla miguu haijaishiwa

Mwaka 2010 watafiti wawili, Samuele Marcora na Walter Staiano, walichapisha jaribio walilowafanyia wachezaji kumi wa raga. Waliwapandisha kwenye baiskeli za mazoezi, wakawawekea mzigo wa wati 242, wakawaambia wakanyage mpaka washindwe kabisa. Vijana wakakomaa kama dakika kumi hivi, kisha wakasalimu amri. Hapohapo, kabla hawajashuka, wakaombwa kitu kimoja tu: kanyageni kwa nguvu zote kwa sekunde tano. Wakatoa wastani wa wati 731, mara tatu ya mzigo uliokuwa umewashinda punde!

Miguu ilikuwa imechoka, hilo halina ubishi. Wakiwa wabichi walitoa zaidi ya wati 1,000. Lakini kuchoka na kuishiwa ni vitu viwili. Sasa nani aliyesema basi?

Hapo wanasayansi wanavutana. Tim Noakes wa Afrika Kusini anasema ubongo hutuwekea breki mapema, kama dereva mzoefu ambaye hasubiri injini ichemke ndipo apunguze mwendo. Marcora haikubali breki hiyo. Kwake yeye, mtu huacha pale jitihada anazohisi zinapopita kile alichokuwa tayari kutoa. Wabishane wao. Mimi na wewe tunaoanza kukimbia tunaondoka na jambo moja: ile sauti ya "siwezi" inakisia. Haijapima chochote.

Na makisio hubadilika. Tuliokesha kumwangalia Alphonce Simbu kwenye marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 15, 2025, tuliona kwa macho. Kilomita 42 za joto na unyevu, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele yake wakielekea kwenye utepe, na Simbu akachomoka. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Miguu iliyopigika zaidi ya saa mbili ilizipata wapi mbio hizo? Utepe ulikuwa unaonekana, basi. Ubongo uliokuwa ukibania akiba uliona hakuna tena cha kuibania.

Anayeanza hana utepe. Kichwa chake hakina kumbukumbu yoyote ya kilomita tano, kwa hiyo kinakisia kwa woga. Tena kinakisia wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu moyo na mapafu huhitaji dakika mbili tatu kuyafikia mahitaji ya misuli, na ukitoka kwa kasi pengo hilo unalihisi kama kukabwa. Siku yangu ya kwanza niliishia nguzo ya nne ya umeme, nimeshika magoti, mama muuza vitumbua ananiambia, "Pole, mwanangu." Nikajua mwili wangu haukuumbiwa mbio. Kumbe nilikuwa nimetoka kama naiwahi daladala ya mwisho.

Kilichonirudisha barabarani ni kukumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi. Alfajiri na baridi, mmoja anaanzisha, darasa zima linaitikia, na sikumbuki hata siku moja kujiuliza kama ninaweza. Huwezi kuitikia wimbo huku unatweta, kwa hiyo wimbo wenyewe ndio uliotupangia mwendo. Makocha wa leo hutumia kipimo kilekile: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo huo unamfaa anayeanza. Ukishindwa, punguza, hata ukipitwa na mtu anayetembea. (Nimepitwa. Haiui.)

Wimbo pia ulikishughulisha kichwa, na hilo nalo limepimwa. Mwaka 2014 Marcora na wenzake waliwachukua watu 24, wakawafundisha baadhi yao kwa wiki mbili kujisemesha maneno mafupi waliyoyachagua wenyewe. Waliporudi kwenye baiskeli, hao walidumu asilimia 18 zaidi ya mwanzo. Wasiofundishwa walibaki palepale. Jaribio jingine la baadaye, la waendesha baiskeli, likaonyesha kwamba kujiambia "unaweza" kulizaa mwendo mzuri kuliko "naweza", kana kwamba mwenzako yuko pembeni anakuitia. Mwanzisha wimbo wetu wa darasa la tano angewaambia hilo bure.

Kuna sauti nyingine usibishane nayo: kifua kinachobana kwa maumivu, kizunguzungu, au goti linalochoma mahali palepale kila ukikanyaga. Hapo simama, ukamwone daktari.

Siku hizi nafika nguzo ya ishirini na moja, natembea mbili, naendelea. Nguzo ya nne bado huniambia nigeuke, kila asubuhi, bila kukosa. Nikiikaribia huwa naanzisha wimbo, na mama wa vitumbua ananiitikia.