Acheni kuzimiminia cherehani za bibi mafuta ya kula

Jana tena. Dada mmoja kavuka na feri kutoka Nansio, kule kisiwani Ukerewe, Singer ya bibi yake kaifunga kwenye khanga mbili, bodaboda kamshusha mlangoni kwangu, na baada ya salamu neno la kwanza ni, "Fundi, wameniambia imekufa. Naomba tu uniambie chuma chakavu sasa hivi kilo wananunua bei gani."

Nikashika gurudumu. Halitikisiki. Nikafungua kile kibao cha kushoto kinachofunika chuma cha sindano, yani kile kinachoibeba sindano juu na chini, harufu ikanipokea kabla sijawasha tochi. Mle ndani kumetanda utando wa rangi ya asali, ukiugusa unanata kidogo halafu kucha inaacha alama. Kama umewahi kuangalia ubavu wa nje wa karai la chipsi, pale mafuta yanapochuruzika miezi na miezi, ni kitu kilekile kabisa. Nikamuuliza mliweka mafuta gani. "Ya alizeti. Mjomba alisema mafuta ni mafuta."

Jamani, mafuta sio mafuta! Nalisema hili kila wiki na leo naliandika ili nikiulizwa tena nitume link. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa yanashikana na oksijeni, chembe zake zinaungana zenyewe kwa zenyewe mpaka yanakuwa ngozi. Ndo maana mafuta ya kitani, ambayo ni ndugu yao wa karibu, toka zamani yanatumika kutengenezea rangi ya kupaka mbao, yani kazi yake ni kukauka. Sasa wewe umechukua kitu cha jamii ya rangi umekimimina kwenye chuma kinachotakiwa kuteleza kwenye tundu lenye nafasi ndogo kuliko unene wa karatasi. Wiki ya kwanza inalainika, unafurahi, unamsifu mjomba. Miezi sita mbele imeganda na lawama anapewa bibi kwamba aliitumia sana.

Mafuta ya cherehani yale meupe ya kichupa yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, hayaungani hivyo. Hayo nayo yakikaa miaka yanachoka, yanakusanya vumbi na manyoya ya nyuzi yanakuwa tope, lakini tope hilo linatoka kirahisi. Na mafuta ya injini usiweke, ni mazito na yatachafua nguo, hapo sina la kuongeza.

Kwahiyo ikikwama jambo la kwanza ni kutoa ile boksi ya bobini, yani ya kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kuangalia kule nyuma yake, mara nyingi kuna kipande cha uzi kimejisokota na hicho ndo kinazuia kila kitu. Kitoe kwa kibanio, ukilazimisha gurudumu kwa spana ya bomba utavunja kitu ambacho hakikuwa na shida. Ya dada huyu haikuwa uzi.

Nikailaza, nikasafisha kwa brashi, halafu joto. Niliazima drayer ya saluni jirani nikapuliza pale chuma cha sindano kinapopita, robo saa hivi. Joto kwanza, mafuta ya taa baadaye, kifaa kikiwa kimezimwa na chuma kimepoa, usije ukapuliza moto juu ya mafuta ya taa ukaunguza duka. Kisha tone moja moja la mafuta ya taa kwenye kila tundu la juu na kila kiungo cha chini, unaacha, unarudi jioni, unatikisa gurudumu kidogo mbele nyuma bila nguvu, unaweka tena. Mafuta ya alizeti yakishakuwa ngozi mafuta ya taa hayayayeyushi sawasawa, yanayalainisha tu, kwahiyo ni uvumilivu. Thina ingeyamaliza haraka ila inakula rangi nyeusi, na spiriti usiipitishe kabisa kwenye yale maua ya dhahabu, vanishi iliyoyafunika inayeyuka kwa spiriti na hautayarudisha.

Usiku wa jana nimeona chuma cha sindano kikishuka kama unene wa kucha. Asubuhi kucha mbili. Kusema ukweli sijui kama ni drayer iliyosaidia au ni muda tu, maana nimeshafungua nyingine kwa mafuta ya taa peke yake na zimechukua muda uleule. Naendelea kutumia vyote viwili. Ikishazunguka, mafuta ya taa yote yafutwe na mafuta ya cherehani yaingie hapohapo, chuma kikibaki kikavu kwa unyevu huu wa ziwa kutu haichelewi.

Na kwanini nisiiuze kilo? Hii ni Singer toleo la 15K. Hiyo K ni Kilbowie, kiwanda cha Singer kule Clydebank, Uskoti, kilifungwa 1980, kwahiyo changa kabisa ya pale imepita miaka 40. Lakini umbo lake limenakiliwa na Wajapani, na Wachina na cherehani zao za Butterfly, ndo maana sindano na bobini zake unazipata sokoni leo. Mashine ambayo vipuri vyake vipo mnaipeleka kuyeyushwa kwa sababu ya mafuta ya kukaangia, mimi inaniuma.

Kingine kinachonichosha: mshono ukitoa vitanzi chini ya kitambaa watu wanakimbilia skrubu ndogo ya boksi ya bobini. Vitanzi vya chini vinasababishwa na uzi wa JUU. Inua mguu wa kukandamiza ndo upitishe uzi, visahani vya kukaza nyuzi vinafunguka mguu ukiwa juu, ukiupitisha mguu ukiwa chini uzi unakaa nje ya visahani na hakuna kinachoukaza. Sindano kwenye 15K ubapa wake unatazama kushoto, uzi unaingia kutoka kulia. Na mkanda unaozungusha gurudumu ukilegea kata kidogo uunganishe tena.

Leo saa kumi gurudumu limezunguka duara zima, nyepesi. Ila mshono sijajaribu. Boksi ya bobini imebaki Nansio kwenye kopo la vifungo la bibi. Za sokoni ninazo, zinaingia, lakini zingine zinacheza kidogo na sitaki nirekebishe cherehani kwa boksi ambayo sio yake. Nimempigia dada aje nayo Jumamosi, na kopo zima akiweza, huwa mna skrubu mle.