Hasira ya Waarabu kwa Israel haikuanzia kwa Ishmaeli

Nafundisha historia ya Mashariki ya Kati, na sehemu ya kazi yangu ni kusoma magazeti ya Kiarabu na kufuatilia vituo vyao vya runinga. Kila muhula, kabla sijaandika mwaka wowote ubaoni, mkono unanyooka: "Mwalimu, si huu ni ugomvi wa Isaka na Ishmaeli tu?" Nimeyasikia maneno hayo kanisani, nimeyasikia barazani baada ya swala, nimeyasikia kwa waandishi wa habari ambao kesho yake wanakaa studio kutangaza habari za Gaza. Nimechoka nayo, kwa sababu anayeyasema huwa amekwisha kufunga mlango. Kama chuki iko kwenye damu tangu Agano la Kale, hakuna haja ya kuuliza nani aliipanda, lini, na kwa faida ya nani. Hapa chini nalinukuu dai hilo na mengine ninayoyasikia, kisha nalijibu moja baada ya jingine.

"Waarabu na Wayahudi wanachukiana tangu Isaka na Ishmaeli"

Tuanze na Kitabu chenyewe. Mwanzo sura ya 25 inaeleza kwamba Abrahamu alipofariki, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Kwa upande wa Waislamu, Ismail na Is-haka ni mitume wote wawili, na hakuna Muislamu mwenye ruhusa ya kumkataa mmoja wao. Ugomvi huo wa urithi wa damu wamejitungia wasomaji wa baadaye.

Pango hilo liko Hebron, mji ambao Waarabu wanauita Al-Khalil, na historia ya mji huo inatosha kuivunja dhana hii. Agosti 1929 ulienea uvumi kwamba Wayahudi wanataka kuuteka Msikiti wa Al-Aqsa. Waarabu wenye silaha waliingia kwenye nyumba za Wayahudi wa Hebron, jamii iliyokuwa imeishi pale kwa karne nyingi, wakaua watu 67. Siku hiyohiyo familia kadhaa za Kiarabu za mji huohuo ziliwaficha majirani zao Wayahudi, na mamia waliponea humo. Chuki ya damu ya miaka elfu nne ingewezaje kumkamata huyu na kumwacha wa nyumba ya pili? Kilichoua Hebron ni uvumi uliotua juu ya hofu ya wakati ule: uhamiaji wa Wayahudi kutoka Ulaya chini ya utawala wa Mwingereza, ardhi iliyokuwa ikiuzwa, na ahadi ya Balfour ya 1917, yaani ahadi ya Uingereza ya kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, iliyotolewa bila wenyeji kuulizwa. Mwaka 1994, ndani ya msikiti uliojengwa juu ya pango hilohilo, mlowezi wa Kiyahudi aliwamiminia risasi Waislamu waliokuwa wakiswali akaua 29. Yeye pia hakutumwa na Isaka.

Kuna wanaohama kutoka kwa Ishmaeli na kukimbilia Madina. "Basi ni tangu wakati wa Mtume." Ni kweli palikuwa na vita na makabila ya Kiyahudi, na vita vya Khaybar, makazi ya Wayahudi kaskazini ya Madina, vya mwaka 628 vinatajwa hadi leo kwenye maandamano kwa sauti ya kutisha. Lakini anayepiga kelele za Khaybar hasemi kwamba baada ya vita Wayahudi wa pale walibaki wakilima mitende kwa mkataba wa kugawana mavuno nusu kwa nusu, wala kwamba Mtume alifariki deraya yake, yaani vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi. Watu waliofanya biashara na kukopeshana hivyo walikuwa na siasa zao, zikiwemo za umwagaji damu. Hawakuwa na nadharia kwamba Myahudi anaitawala dunia kwa siri.

Naomba nieleweke: sisemi Wayahudi waliishi peponi chini ya dola za Kiislamu. Walikuwa watu wa dhima, walilindwa na kulipa kodi ya jizya, na daraja yao ilikuwa ya chini kisheria. Mwaka 1066 umati wa Granada, Hispania ya Kiislamu, ulimuua waziri Myahudi na kuwachinja wengi wa watu wake. Musa bin Maimun, yule mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba, aliukimbia utawala wa Almohadi, watawala Waislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania, uliowalazimisha watu kubadili dini. Sasa tazama alikimbilia wapi. Alifika Cairo, akaandika kwa Kiarabu, akawa tabibu katika baraza la Salahuddin, mtawala wa Misri. Na Hispania ya Kikristo ilipowafukuza Wayahudi mwaka 1492, milki ya Uthmani iliwafungulia bandari. Kwa karne nyingi Myahudi aliyeonewa Ulaya alikimbilia kwa Waislamu, na hakuna mtu anayekimbilia kwa adui wake wa asili.

Basi ile picha ya Myahudi mnywa damu, mtawala wa benki na magazeti yote duniani, iliingiaje kwenye runinga za Kiarabu? Ililetwa kutoka Ulaya, na safari yake inafuatika hatua kwa hatua.

Februari 1840 mtawa wa Kikapuchini alitoweka Damascus pamoja na mtumishi wake. Uzushi kwamba Wayahudi huua Wakristo ili watumie damu yao kwenye mkate wa Pasaka ulikuwa umezaliwa Ulaya ya Kikristo, na uliua watu huko kwa mamia ya miaka. Aliyeusukuma mbele Damascus ni balozi mdogo wa Ufaransa, Ratti-Menton, akishirikiana na gavana. Wayahudi wa mji walikamatwa wakateswa mpaka baadhi wakafa. Baada ya shinikizo kubwa, Muhammad Ali wa Misri, aliyeitawala Syria wakati huo, aliwaachia waliobaki hai, na Novemba mwaka uleule Sultani wa Uthmani akatoa amri iliyoutangaza uzushi huo kuwa uongo. Khalifa wa Waislamu aliukana. Mwaka 1983 Mustafa Tlass, waziri wa ulinzi wa Syria, akauchapisha upya katika kitabu kana kwamba ni habari ya kweli.

Hatua ya pili ni maandishi yaitwayo Itifaki za Wazee wa Sayuni. Yalitokea Urusi ya Tsar mwaka 1903, yakidai kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha viongozi wa Kiyahudi. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba sehemu kubwa imenakiliwa kutoka kijitabu cha Maurice Joly cha 1864 kilichomshambulia Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, ambamo Wayahudi hawatajwi. Tafsiri za Kiarabu zilianza miaka ya 1920, na watafsiri wa mwanzo walikuwa Wakristo Waarabu waliosoma Kifaransa. Karatasi ya wachochezi wa Urusi ilikuja kuuzwa Cairo na Beirut kama siri kuu ya dunia.

Hatua ya tatu ni redio. Kuanzia 1939 Ujerumani ya Hitler ilitangaza kwa Kiarabu kila siku, na baadaye sauti iliyosikika sana ilikuwa ya Haj Amin al-Husseini, mufti wa Jerusalem aliyekutana na Hitler Berlin mwezi Novemba 1941. Maneno ya Kinazi yalivalishwa kanzu ya aya na hadithi ili msikilizaji wa mkahawani Baghdad adhani anasikia dini yake. Juni 1941, baada ya serikali ya Iraq iliyoegemea Ujerumani kuanguka, Wayahudi wapatao 180 waliuawa Baghdad kwa siku mbili. Mjini Berlin kwenyewe, katika miaka hiyohiyo, daktari wa Kimisri aitwaye Mohamed Helmy alimficha binti wa Kiyahudi. Israel ilimtambua kwa hilo mwaka 2013.

Halafu ikaja 1948. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na majeshi ya Kiarabu yalishindwa. Mwaka 1967 yakashindwa tena kwa siku sita. Hapa ndipo naomba wanafunzi wangu wasimame na kufikiri. Hasira ya mtu aliyepoteza nyumba Jaffa haikuagizwa kutoka Urusi. Ni yake na ina sababu. Lakini jenerali aliyeshindwa vita mbele ya taifa dogo alihitaji maelezo, na maelezo ya njama ya dunia nzima yalimfaa kuliko kukiri kwamba jeshi lake liliongozwa vibaya. Serikali ambazo haziruhusu maandamano ya bei ya mkate ziliruhusu katuni ya Myahudi mwenye kucha ndefu. Uongo wa Ulaya ulipandikizwa juu ya kidonda halisi cha Kiarabu, na kwa kuwa kidonda ni halisi, uongo nao ukaonekana kweli.

"Wanachopinga ni Uzayuni tu, Myahudi hana tatizo nao"

Huu ni upande wa pili wa kukwepa, na sina subira nao pia. Uzayuni ni harakati ya kisiasa ya kuwa na taifa la Wayahudi Palestina. Wapo Waarabu wengi wanaoipinga Israel kwa hoja za ardhi, makazi ya walowezi, Jerusalem na vizuizi vya Gaza, na hoja hizo zijibiwe kama hoja. Lakini mkataba wa Hamas, kundi la Kiislamu la Kipalestina, wa 1988 uliwataja Wayahudi kuwa nyuma ya Mapinduzi ya Ufaransa na vita kuu za dunia, na ukazinukuu Itifaki kwa jina. Waraka wao wa 2017 ulisema ugomvi ni na mradi wa Kizayuni, si na Wayahudi kwa dini yao. Mabadiliko hayo ya maneno yatajwe, na mauaji ya raia waliyoyafanya Israel tarehe 7 Oktoba 2023, ambayo wanafunzi wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo walifia humo, yatajwe vilevile. Kaulimbiu ya Wahouthi wa Yemen inatamka laana juu ya Wayahudi, bila kutaja Uzayuni. Mwaka 2003 kituo cha Al-Manar cha Hezbollah, kundi la Kishia la Lebanon, kilirusha tamthilia iliyoigiza uzushi wa damu. Agosti 2023 Mahmoud Abbas, Rais wa Wapalestina, alidai kwamba Hitler aliwaua Wayahudi kwa sababu ya kazi zao za riba. Waliosimama kumkemea kwa barua ya wazi walikuwa wasomi na wanaharakati wa Kipalestina zaidi ya 100. Kama wao waliweza kutofautisha kuipinga Israel na kumtukana Myahudi, mtangazaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza pia.

"Ni vita ya Waislamu na Wayahudi"

George Habash, aliyeanzisha chama cha Kipalestina cha PFLP, alizaliwa katika familia ya Wakristo wa Kiorthodoksi. Tofauti ya dini ipo, lakini Mkristo wa Bethlehem naye anasimama kwenye kizuizi cha jeshi. Wanaoligeuza suala hili kuwa mechi ya kanisa na msikiti hapa kwetu wanaagiza ugomvi ambao wenyewe hawaupigani hivyo.

"Waarabu kama Iran"

Wairani si Waarabu. Lugha kuu yao ni Kifarsi. Nimemaliza.

"Wayahudi wa nchi za Kiarabu waliondoka kwa hiari yao"

Baada ya 1948 wapatao 850,000 waliondoka. Wako waliovutwa na Israel, na mawakala wa Kizayuni walifanya kazi kubwa ya kuwahamisha. Lakini mtu aliyevuliwa uraia na sheria ya Iraq ya 1950, kisha mali yake ikazuiwa mwaka uliofuata, au aliyefukuzwa Misri baada ya vita vya Suez vya 1956, Misri iliposhambuliwa na Israel, Uingereza na Ufaransa, hakuwa na hiari. Hao na vizazi vyao ni sehemu kubwa ya Wayahudi wa Israel leo, na wengi wao hawana huruma na serikali za Kiarabu. Asiyejua habari hii hataielewa siasa ya Israel.

"Hakuna serikali ya Kiarabu iliyowahi kutaka amani"

Misri ilitia saini mwaka 1979, Jordan 1994, Falme za Kiarabu, Bahrain na Morocco 2020. Mwaka 2002 huko Beirut, Umoja wa Nchi za Kiarabu ulitoa pendekezo la kuitambua Israel iwapo itaondoka katika maeneo iliyoyateka 1967. Kilichokosekana ni amani ya watu. Mwandishi wa tamthilia wa Kimisri, Ali Salem, aliizuru Israel mwaka 1994, akaandika aliyoyaona, na akaishia kufutwa uanachama na chama cha waandishi, huku balozi za nchi hizo mbili zikiwa wazi.

"Vyombo vya habari vya Kiarabu vyote vinasema mamoja"

Wanaosema hivi huwa wameona klipu ya dakika mbili yenye maandishi chini. Nyingi ya klipu hizo hutafsiriwa na MEMRI, taasisi ya Washington iliyoanzishwa 1998 na afisa wa zamani wa ujasusi wa Israel. Maneno kwa kawaida ni ya kweli, yamesemwa. Ila aliyechagua klipu amekuchagulia pia usichokiona. Nawaambia wanafunzi wangu kila siku: usisambaze klipu kabla hujajua kituo ni cha nani na kipindi ni cha mwaka gani. Al Jazeera ni ya Qatar, Al Arabiya ni ya Wasaudi, Al-Aqsa ni ya Hamas, Sky News Arabia inaegemea Abu Dhabi. Msimamo wa mwenye kituo ukibadilika, mgeni wa studio naye hubadilika. Al Jazeera hiyohiyo inayolaumiwa kwa uchochezi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kati ya vituo vikubwa vya Kiarabu kuwapa maafisa wa Israel nafasi ya kuzungumza hewani.

Na wanabishana wao kwa wao. Ramadhani ya 2002 runinga ya Misri ilipoonyesha tamthilia ya Faris bila Jawad iliyojengwa juu ya Itifaki, Osama el-Baz, mshauri wa Rais Mubarak, aliandika makala katika gazeti la Al-Ahram akieleza kwamba Itifaki ni ghushi na uzushi wa damu ni bidhaa ya Ulaya. Abdelwahab Elmessiri, aliyetunga ensaiklopidia ya Kiarabu kuhusu Wayahudi na Uzayuni na kuipinga Israel maisha yake yote, alisema vivyo hivyo. Mwaka 2001 wasomi 14 wa Kiarabu, akiwemo mshairi Adonis, walipinga mkutano wa wakanushaji wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, uliopangwa Beirut, na serikali ya Lebanon ikauzuia.

Ramadhani ya 2020 familia moja Kuwait au Cairo ingeweza, baada ya futari, kuangalia kwenye MBC tamthilia ya Umm Haroun, habari ya mkunga wa Kiyahudi anayeishi na majirani zake katika Ghuba, kisha ikabadili chaneli na kukuta tamthilia ya Kimisri ya Al-Nihaya, inayoonyesha mwalimu wa siku zijazo akiwasimulia wanafunzi jinsi Israel ilivyoangamizwa. Hamas ililaani ile ya kwanza. Wizara ya mambo ya nje ya Israel ililalamikia ya pili.