ICD ni nini? Kifaa kilichomrudisha Christian Eriksen uwanjani

ICD ni mashine ndogo inayopandikizwa kifuani ili kufuatilia mapigo ya moyo usiku na mchana, na kuushtua moyo kwa umeme pale unapoingia kwenye mdundo wa kuua. Haitibu ugonjwa wowote, wala haizuii mapigo kuvurugika. Inangoja yavurugike, ndipo ifanye kazi. Mashabiki wengi wa soka waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2021, kwa ajili ya kiungo wa Denmark, Christian Eriksen.

Hadi hapo Eriksen alikuwa amepanda ngazi bila kikwazo kikubwa: alizaliwa Middelfart mwaka 1992, akalelewa kisoka Odense, akaenda Ajax akiwa na miaka 16, Tottenham mwaka 2013, kisha Inter Milan Januari 2020. Mei 2021 alitwaa ubingwa wa Italia. Juni 12, kwenye mechi ya Euro dhidi ya Finland jijini Copenhagen, alianguka dakika chache kabla ya mapumziko wakati akipokea mpira wa kurusha. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Wengi waliita tukio lile shambulio la moyo. Sivyo. Kwenye shambulio, mshipa unaolisha msuli wa moyo huziba, na mara nyingi mgonjwa anaendelea kuongea na kulalamika maumivu. Moyo unaposimama ghafla, tatizo huwa kwenye umeme wake: vyumba vya chini vinatetemeka badala ya kusukuma damu, na fahamu hupotea ndani ya sekunde chache. Hapo dawa ni kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mashine ya kushtua ikiletwa. Kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Eriksen alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa umeme mara moja tu, fahamu zikarudi. Siku chache baadaye akawekewa ICD.

Kifaa chenyewe kina sehemu mbili. Kuna kasha la chuma lenye ukubwa unaokaribia kibiriti, ndani yake betri na kompyuta ndogo, ambalo kwa kawaida hukaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga wa kushoto. Kisha kuna waya unaopitishwa kwenye mshipa hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo. Ipo pia aina ambayo waya wake haugusi moyo kabisa. Hulazwa chini ya ngozi kando ya mfupa wa kidari. Mdundo ukienda kasi kupita kiwango kilichopangwa, ICD ya waya wa ndani inaweza kwanza kujaribu kuudhibiti kwa mapigo madogo ya umeme ya haraka, ambayo mgonjwa pengine hata asiyahisi. Ikishindikana, inajichaji kwa sekunde kadhaa na kutoa mshtuko wa jouli (kipimo cha nishati) 30 hadi 40. Mashine za nje hutumia 150 hadi 200, kwa kuwa umeme wake lazima uvuke ngozi na kifua kwanza.

Kile kiwango cha kasi ndicho kinachowaumiza vichwa madaktari wa wanamichezo. Moyo wa mchezaji anayekimbia unaweza kufika mapigo 180 au zaidi kwa dakika, na hayo ni ya kawaida kabisa. Kiwango kikiwekwa chini mno, mchezaji anapigwa mshtuko bure katikati ya mechi, na mshtuko huo unauma sana. Waya nao unaweza kukatika, hasa unapobanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kila mkono unapoinuliwa, ukaanza kutuma ishara za uongo. Baada ya upasuaji huruhusiwi kuinua mkono wa upande huo juu ya bega kwa wiki kadhaa, ili waya usichomoke kabla haujashika vizuri moyoni. Betri ikiisha, kwa kawaida baada ya miaka 7 hadi 10 hivi, kasha hubadilishwa. Waya ukiwa mzima huachwa.

Je, kinafanya kazi kweli uwanjani? Mwaka 2009 beki wa Ubelgiji Anthony van Loo alianguka mechini, ICD yake ikamshtua, akainuka na kukaa mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wanamichezo 372 wenye kifaa hiki, na hakuna aliyekufa akiwa michezoni.

Hata hivyo, Italia haitoi kibali cha afya kwa mchezaji wa ushindani mwenye ICD. Kwa hiyo Inter na Eriksen walivunja mkataba kwa makubaliano Desemba 2021. England haina katazo la namna hiyo. Klabu, mchezaji na madaktari wa moyo ndio wanaoamua. Brentford walimsajili Januari 2022, akacheza mechi 11 na kufunga bao moja, dhidi ya Chelsea. Machi mwaka huo aliifungia Denmark dhidi ya Uholanzi dakika mbili tu baada ya kuingia, kwenye uwanja uleule wa Ajax alikokulia. Manchester United wakamchukua bila ada Julai 2022. Kwenye Euro 2024 alifunga dhidi ya Slovenia, siku 1,100 tangu aanguke, na Septemba 2025 akahamia Wolfsburg ya Ujerumani.